Dalali anasema asilimia 10, mwanangu anasema nipime kepu reti: ninunue nyumba ipi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi. Mimi ni muuguzi mstaafu mwenye umri wa miaka 61, ninaishi Dar es Salaam pamoja na mzee wangu ambaye naye amestaafu. Baada ya kupokea kiinua mgongo na kuuza kiwanja tulichokuwa nacho Kigamboni, tumebaki na shilingi milioni 140 benki. Tumekubaliana kwamba fedha hizi zisiliwe kidogo kidogo hadi ziishe, bali zitafutiwe mahali pa kutuingizia kipato cha kuongezea pensheni. Mzee wangu hataki kusikia habari ya kitu kingine isipokuwa nyumba ya kupangisha, kwa sababu, kama anavyosema, nyumba unaiona kwa macho na haiwezi kutoroka.

Dalali ametuonyesha nyumba mbili. Ya kwanza iko Tabata, ni jengo moja la chini lenye sehemu tano za kupanga, kila moja ina vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Ina hati miliki na bei yake ni milioni 180. Dalali alituandikia kwenye karatasi kwamba kila sehemu inalipa 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa mwaka ni milioni 18, ambayo ni asilimia 10 ya bei. Nilipopata nafasi ya kuzungumza na wapangaji wenyewe, wawili kati yao, ambao wamekaa pale kwa muda mrefu, waliniambia kwamba wao hulipa 250,000. Dalali alinijibu kwamba hao nitawapandishia nikishakuwa mwenye nyumba.

Ya pili iko Mbagala. Ni vyumba kumi vilivyopangwa kwa safu mbili vikitazamana, choo na bafu ni vya pamoja uani, na kila chumba kinalipa 70,000 pamoja na maji. Bei ni milioni 65. Mabati yameota kutu, na muuzaji hana hati miliki, ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Dalali anasema hii ndiyo yenye faida kubwa, karibu asilimia 13, na kwamba kwa kuwa mabasi ya mwendokasi yamefika Mbagala, bei zitapanda tu.

Mwanangu aliyeko Mwanza, ambaye hupenda kusoma mambo ya uwekezaji, amenikataza kumsikiliza dalali. Ananiambia kuna kipimo kinachoitwa kepu reti, na kwamba nisinunue nyumba yoyote ambayo kepu reti yake iko chini ya asilimia 8. Nilipomwomba anieleze alinitumia maelezo marefu ya Kimarekani ambayo sikuyaelewa. Ndiyo maana nakuandikia. Kipimo hiki ni nini hasa, na je, kinafaa kwa nyumba zetu za hapa? Kati ya Tabata na Mbagala, ni ipi iliyo bora? Na kwa kuwa ya Tabata inazidi fedha tulizo nazo, benki moja imetuambia inaweza kutukopesha milioni 50 kwa riba ya asilimia 16, tuzirudishe kwa miaka mitano. Je, tuuchukue mkopo huo?

Ni mimi,
Mama Mstaafu

JIBU

Mama, shikamoo. Ulifanya jambo la maana sana kuzungumza na wapangaji wenyewe kabla ya kutoa fedha, kwa sababu taarifa uliyoipata kwa wale wawili ina uzito kuliko karatasi yote aliyokuandikia dalali, na nitaitumia katika hesabu zote zinazofuata.

Nianze na kipimo chenyewe. Kepu reti ni pato halisi la nyumba kwa mwaka mmoja, likigawanywa kwa bei ya nyumba hiyo, kisha likaandikwa kwa asilimia. Pato halisi maana yake ni pango lililoingia mkononi kwa kweli, baada ya kuondoa miezi ambayo vyumba vilikaa vitupu, wapangaji waliohama bila kulipa, na gharama zote za kuiendesha nyumba. Marejesho ya mkopo hayaingizwi humo, wala kodi ya mapato ya mwenye nyumba, kwa sababu hayo yanategemea mnunuzi ni nani na amepata wapi fedha zake, ilhali kepu reti inakusudiwa kuipima nyumba yenyewe. Kwa hiyo alichokupa dalali si kepu reti. Amechukua pango la kufikirika, lililojaa mwezi hadi mwezi, akaligawanya kwa bei. Asilimia ya namna hiyo huwa kubwa daima, na nyumba mbovu ndiyo inayonufaika nayo zaidi, kwa kuwa ubovu wake wote uko kwenye gharama ambazo hazikuhesabiwa.

Tuipime Tabata. Sehemu tatu zinalipa 300,000 na mbili zinalipa 250,000, hivyo pango kamili la mwezi ni 1,400,000 na la mwaka ni 16,800,000. Sikubali ile hoja ya kwamba utawapandishia hao wawili. Huenda ukaweza, lakini huenda pia wakahama, na sehemu ikikaa tupu miezi miwili inamaliza faida ya nyongeza hiyo kwa muda mrefu. Nyumba hununuliwa kwa pango linaloonekana kwenye mikataba na kwenye risiti za leo, na nyongeza ikija baadaye iwe ni yako, usimlipe muuzaji kwa ajili ya kazi utakayoifanya wewe.

Sasa tutoe. Nimechukulia kwamba kila sehemu itakaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka kwa wastani, kwa kujumlisha kuhama, kupaka rangi, kumtafuta mpangaji mpya na yule mmoja atakayeondoka na deni. Hiyo ni 1,400,000, na inabaki 15,400,000. Mlinzi anayefanya pia usafi wa nje nimemwekea 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Umeme wa pampu na taa za nje ni kama 480,000. Gari la kunyonya maji taka mara tatu kwa mwaka ni 300,000. Bima ya jengo nimeikadiria kuwa 300,000. Kodi ya ardhi pamoja na kodi ya jengo ni ndogo, nimeweka 80,000 kwa zote mbili. Kodi ya jengo, kama ujuavyo, hukatwa kupitia LUKU, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa 1,500 kwa mwezi, ila anayenunua umeme ni mpangaji, na ana haki ya kutaka fedha hiyo itambuliwe kwenye pango, jambo ambalo ni vizuri liandikwe kwenye mkataba ili lisilete ugomvi kila mwezi.

Halafu kuna matengenezo, ambayo ndiyo mahali wengi hujidanganya. Mwaka huu linaweza kuharibika bomba moja tu na ukatumia 40,000, lakini mwaka unaofuata pampu ikaungua, dari ikavuja na milango miwili ikaliwa na mchwa. Nimeweka 1,500,000 kwa mwaka, na mwaka ambao hamtazitumia zote msizile, bali ziwekeni kando. La mwisho ni usimamizi. Najua utaniambia kwamba mtausimamia wenyewe, wewe na mzee. Hata hivyo ninauhesabu, asilimia 8 ya pango lililopatikana, yaani 1,232,000, kwa sababu kufuatilia pango, kusuluhisha wapangaji, kumtafuta fundi usiku na kwenda serikali ya mtaa ni kazi, na kama nyumba inaonekana kuwa na faida kwa sababu tu nyinyi mnaifanyia kazi bure, basi faida hiyo ni mshahara wenu. Tena mna umri wa miaka sitini na kitu, na itafika siku mtahitaji mtu wa kuwafanyia.

Gharama hizo zote jumla yake ni 5,692,000. Ukiziondoa kwenye 15,400,000 unabaki na pato halisi la 9,708,000. Ligawanye kwa milioni 180 utapata asilimia 5.4. Hiyo ndiyo kepu reti ya Tabata, na imetoka kwenye nyumba ileile ambayo dalali aliiita ya asilimia 10. Vyumba vikikaa vitupu miezi miwili badala ya mmoja, inashuka hadi asilimia 4.7. Ningekushauri uirudie hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, ubadilishe makadirio yangu pale unapoona mtaa wako una bei tofauti ya mlinzi au ya gari la maji taka, kwani wewe unaujua mji wako, na namba ya mwisho itakuwa ya kuaminika kadiri ulivyokuwa mkweli kwenye kila mstari wa juu.

Mbagala sitaichambua kwa urefu uleule. Vyumba kumi kwa 70,000 ni 8,400,000 kwa mwaka. Wapangaji wa chumba kimoja huhama mara kwa mara zaidi, hivyo nimeondoa asilimia 15, tukabaki na 7,140,000. Maji unayalipa wewe, na kwa kaya kumi kwenye mita moja sioni yakipungua 60,000 kwa mwezi. Kuna kunyonya vyoo mara nne kwa mwaka, matengenezo ya 900,000, msimamizi wa kukusanya pango chumba kwa chumba kwa asilimia 10, na kodi ndogo ndogo. Pato halisi linakuwa 4,446,000, ambalo ni asilimia 6.8 ya milioni 65. Lakini mabati yenye kutu ni gharama ambayo muuzaji amekuachia wewe. Ukiongeza milioni 6 za paa na milioni 2 za kukamilisha ununuzi, fedha utakayokuwa umeitoa ni milioni 73, na asilimia inashuka hadi 6.1. Tabata nayo ukiiongezea milioni 10 za ushuru wa stempu wa asilimia 1, wakili, mthamini, usajili na ukarabati wa kuanzia, utakuwa umetoa milioni 190 na asilimia inakuwa 5.1. Ule umbali wa asilimia 3 ambao dalali alisema uko kati ya nyumba hizi mbili umebaki asilimia 1.

Na asilimia 1 hiyo si zawadi. Mnunuzi mwenye akili hudai kepu reti kubwa pale ambapo hatari ni kubwa, ndiyo maana nyumba yenye hati miliki katika mtaa uliopimwa huuzwa kwa kepu reti ndogo kuliko vyumba visivyo na hati. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali, wala kwamba ndugu zake wa mirathi walikubali, wala kwamba eneo halimo kwenye hifadhi ya barabara. Hata leseni ya makazi, ambayo ni hatua bora zaidi, hutolewa kwa muda maalumu na haina nguvu ya hati miliki. Tofauti ya asilimia 1 haitoshi kulipia wasiwasi huo kwa familia inayoweka kiinua mgongo chake chote mahali pamoja. Kama mngekuwa vijana wenye mishahara na nyumba nyingine, huenda ningesema tofauti.

Kuhusu mwendokasi, ni kweli kwamba usafiri huinua pango la maeneo yanayoufuata. Ila muuzaji naye anajua kwamba barabara imejengwa, na bei anayoitaja leo tayari ina mwendokasi ndani yake. Pango la 70,000 ndilo wapangaji wanaloweza kulipa sasa hivi, barabara ikiwa ipo. Asikufanye uilipie mara ya pili.

Sasa nigeukie ile asilimia 8 ya kijana wako. Ameshika jambo sahihi, kwamba lazima kuwe na kiwango ambacho chini yake hununui. Namba yenyewe ndiyo ameiazima mahali ambapo haikuzaliwa. Kanuni za namna hiyo zinatoka Marekani, ambako kati ya mwaka 2023 na 2025 hati fungani ya serikali ya miaka 10 (yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba) imekuwa ikitoa takriban asilimia 4 kwa mwaka. Kwa Mmarekani, asilimia 8 ni mara mbili ya kile anachokipata kwa kukaa tu. Hapa kwetu hali ni nyingine. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hati fungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95, na mwaka 2022 riba hiyo ikashushwa hadi asilimia 12.56, huku ile ya miaka 20 ikiwa asilimia 12.10. Viwango na bei hubadilika kutoka mnada hadi mnada, lakini swali lako la kwanza mbele ya nyumba yoyote linapaswa kuwa hili: serikali ingenilipa kiasi gani bila mlinzi, bila gari la maji taka na bila mpangaji?

Kuna jambo jingine linaloongeza pengo. Riba ya hati fungani za muda mrefu za serikali imesamehewa kodi ya mapato, ilhali pango lina kodi ya zuio (inayokatwa pango linapolipwa) ya asilimia 10, nayo hukokotolewa kwenye pango lote kabla ya kutoa gharama hata moja. Kwa Tabata ni 1,540,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kinachowafikia nyinyi ni 8,168,000 kwa fedha mliyoitoa ya milioni 190, sawa na asilimia 4.3. Milioni 140 zenu kwenye hati fungani ya asilimia 12.56 zingelipa zaidi ya milioni 17 na nusu kwa mwaka, zikigawanywa mara mbili, kila baada ya miezi sita.

Hata hivyo, haitakuwa haki nikiishia hapo, kwa sababu mzee wako naye ana hoja ambayo kepu reti haiioni. Riba ya hati fungani haipandi. Mkilipwa milioni 17 na nusu mwaka huu, mtalipwa hizo hizo mwaka wa ishirini, na siku ya mwisho mtarudishiwa milioni 140 zilezile, zikiwa zimepungua nguvu ya kununua. Mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024, ambao ni mdogo, lakini kwa miaka mingi unakula. Pango hupanda, na ardhi ya Dar es Salaam imewatajirisha wengi. Ndiyo maana watu hukubali kununua nyumba kwa kepu reti iliyo chini sana ya riba ya serikali: wanailipia ardhi na kesho yake. Hiyo ni sababu halali, mradi ijulikane kwamba ndiyo sababu, na ipimwe. Ili Tabata ifikie hati fungani, thamani yake ingepaswa kupanda kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka bila kukosa, yaani iongezeke maradufu kila baada ya miaka 9 hivi, na ongezeko hilo hamlioni mkononi hadi siku mtakayouza, na siku hiyo nalo lina kodi yake. Je, mtauza mkiwa na miaka 70? Kama jibu ni hapana, kwamba mnataka kuiacha kwa watoto, basi ongezeko hilo ni la watoto, na pango dogo la leo ndilo lenu. Hili ni jambo la kuzungumza nyumbani kwa uwazi, na linaweza kubadilisha uamuzi wote.

Mkopo sasa. Mama, hapa naomba unisikilize kwa makini. Mkikopa milioni 50 kwa asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza ni kama milioni 7 na nusu. Nyumba itawaachia 8,168,000 baada ya gharama na kodi. Pato lote la nyumba, pamoja na lile linalotokana na milioni 140 zenu wenyewe, linaelekea kumezwa na riba ya fedha ya benki. Hapo hatujarudisha deni lenyewe. Marejesho ya mkopo wa miaka mitano kwa riba hiyo yanakuwa kama 1,216,000 kila mwezi, karibu 14,590,000 kwa mwaka. Pungufu ni zaidi ya 6,400,000 kwa mwaka, yaani kama 535,000 kila mwezi kutoka kwenye pensheni zenu, kwa miaka mitano mfululizo, huku nyumba ikiwa rehani. Mkopo humsaidia mwekezaji pale tu ambapo nyumba inazalisha asilimia kubwa kuliko riba. Fedha ya asilimia 16 kununulia kitu cha asilimia 5 inawapunguzia kipato kila mwezi, na mwezi ambao sehemu mbili ziko tupu au mmoja wenu amelazwa, benki haitasubiri. Msiuchukue.

Kipimo hiki kina matumizi mengine ambayo pengine yatakufaa zaidi, nayo ni kupanga bei. Chukua pato halisi, uligawanye kwa asilimia unayoitaka, upate bei ya juu unayoweza kulipa. Kwa nyumba ya Tabata yenye hati safi, mimi ningetaka isipungue asilimia 7, kwa hesabu kwamba pango na thamani vikipanda asilimia 4 au 5 kwa mwaka tutakuwa tumeikaribia hati fungani, na ardhi inabaki. Pato la 9,708,000 kwa asilimia 7 ni milioni 138 na ushei, na ndani yake ziwemo gharama za ununuzi. Maana yake nyumba yenyewe isizidi milioni 128, na kwa kuwa mnahitaji akiba ya dharura, ningetoa ofa ya milioni 125 na kusimama hapo. Muuzaji anaweza kucheka, na ana haki yake, lakini karatasi yenye mchanganuo wa gharama mezani huzungumza vizuri kuliko kubishana juu ya uzuri wa vigae. Akikataa, mwacheni. Wauzaji wenye haraka ya fedha hurudi.

Akikubali, wakili wenu afanye upekuzi wa hati kwenye masijala ya ardhi kabla hamjalipa hata sehemu, mthamini aliyesajiliwa akague jengo, na mkataba utaje wazi kwamba kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali) ni ya muuzaji, kwa sababu wapo wanaoisukumia kwa mnunuzi dakika ya mwisho. Ombeni pia nakala ya kila mkataba wa mpangaji na taarifa ya pango lililokwisha kulipwa. Ikiwa wapangaji walilipa miezi sita mbele kwa muuzaji, mtamiliki nyumba inayokaliwa ambayo haitawapa senti hadi miezi hiyo iishe, na fedha hiyo lazima ipunguzwe kwenye bei. Na ulizeni majirani kama maji ya masika huingia uani, kwani swali hilo ni zuri zaidi likiulizwa kwao kuliko kwa dalali.

Wakati mnasubiri jibu lake, fedha zisilale. Mimi ningeweka milioni 100 kwenye hati fungani ya muda mrefu, ambayo mnaweza kuinunua kupitia benki ya biashara au dalali wa soko la hisa kuanzia shilingi milioni 1, na kila riba inapoingia nikatenga sehemu ya kununulia nyingine ili mfumuko wa bei usiwapunguzie. Milioni 40 ningezibakiza mahali ambapo zinapatikana kwa haraka. Nyumba nzuri kwa bei nzuri ikijitokeza, hati fungani huweza kuuzwa sokoni kabla ya muda wake, ingawa bei ya siku hiyo inaweza kuwa juu au chini ya mliyonunulia.

Mwambie kijana wako wa Mwanza akusaidie kitu kimoja: akusanye nyumba tatu au nne za wapangaji zilizouzwa kweli Tabata, Segerea na Kinyerezi katika mwaka huu, bei iliyolipwa na pango lililokuwa likilipwa, halafu afanye hesabu kama niliyoifanya hapa. Zikitoka kwenye asilimia 5, mtajua kwamba huyo muuzaji wenu haombi cha ajabu na kwamba soko lote liko juu ya uwezo wa kipato chake. Zikitoka kwenye asilimia 7 au 8, mtarudi kwake mkiwa na hoja asiyoweza kuipangua.